PHP Haijaiba Pesa za Chama Chako

"Mwanangu, huyu PHP ni nani, na anakaa wapi?"

Swali hilo niliulizwa na mama mmoja, mwekahazina wa chama cha wakulima wa chai na ndizi karibu na Keroka, pale Kisii inapokutana na Nyamira. Hakuwa anafanya mzaha. Kwa wiki mbili alikuwa akisikia kwenye mikutano kwamba PHP ndiye aliyekula pesa za chama, na alitaka kujua kama kuna mtu ameshaenda kuripoti polisi.

Nilimweleza kwamba PHP si mtu, ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Akacheka, nami nikacheka. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Daftari la chama kwenye kompyuta lilionyesha kwamba wanachama wamechanga KSh 412,300. Pesa zilizokuwepo kweli ni KSh 374,800. Pengo la KSh 37,500, na huu ulikuwa msimu wa bonasi ya chai, wakati kila mtu anahesabu karo ya Januari.

Mfumo wa kurekodi michango ulikuwa umetengenezwa na kijana wa pale pale kijijini, kwa PHP. Mtaalamu mmoja kutoka Nairobi, mtoto wa mwanachama, alifungua ukurasa kwenye simu yake, akatikisa kichwa, akasema: "Hii ni PHP. Hiyo si lugha ya kushika pesa za watu. Tupeni hii kitu, tuanze upya." Bei yake ya kuanza upya ilikuwa KSh 240,000.

Kazi yangu ni kuwafundisha wateja wa malipo ya simu Kisii na Nyamira, na maneno kama hayo nayasikia kila mara. Nayasikia kwenye saiba, kwenye mikutano ya vyama vya akiba, hata kwenye foleni ya ajenti. Leo nataka kusema waziwazi: lawama hii si ya haki, na isitoshe inatugharimu. Inatutoa pesa mfukoni halafu inaacha shimo lililotumeza likiwa wazi vile vile.

PHP ni kitu gani, kwa maneno ya kawaida

Ukifungua tovuti ya duka, ukachagua viatu, ukabonyeza "Lipa", kuna kompyuta mahali fulani inayopokea ombi lako. Inaitwa seva. Seva haina akili yake. Inafuata maagizo yaliyoandikwa na fundi: angalia bei, tengeneza ombi la malipo, subiri majibu, andika kwenye daftari kwamba huyu amelipa. Maagizo hayo yanaweza kuandikwa kwa lugha nyingi: Java, Python, JavaScript, na nyingine. PHP ni mojawapo.

Iliyaanza maisha kwa unyenyekevu. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland aliyekulia Denmark na Kanada, alianza kuiandika mwaka 1994 kama vifaa vidogo vya kumsaidia kwenye ukurasa wake binafsi wa intaneti. Alitaka kujua ni watu wangapi wanaosoma wasifu wake wa kazi. Mwaka 1995 akawapa watu wengine bure. Wengine wakaongeza, wakarekebisha, ikakua.

Leo iko wapi? Ukisoma Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, unasoma kazi ya programu iliyoandikwa kwa PHP. Facebook ilipoanza mwaka 2004 iliandikwa kwa PHP. WordPress, ambayo inaendesha tovuti nyingi za magazeti, makanisa na maduka, ni PHP. Moodle, ambayo wanafunzi wengi wa vyuo vikuu huingia kufanya majaribio na kupeleka kazi zao, ni PHP. Wanaofuatilia mambo haya duniani huikuta kwenye zaidi ya asilimia 70 ya tovuti ambazo lugha ya seva yake inajulikana.

Kwa hivyo anayesema "hakuna mtu wa maana anatumia PHP" hajaangalia vizuri.

Jina baya lilitoka wapi

Wacha nisiwe wakili wa uongo. Jina baya halikutoka hewani.

Zamani PHP ilikuwa na tabia moja mbaya sana. Kitu alichoandika mgeni kwenye anwani ya tovuti kingeweza kuingia moja kwa moja ndani ya programu, kana kwamba fundi mwenyewe ndiye aliyekiandika. Ni sawa na kuacha mteja aingie nyuma ya kaunta na kujiandikia risiti. Tabia hiyo ilizimwa kama desturi mwaka 2002, na mwaka 2012 ikaondolewa kabisa.

Jambo la pili ni njia ya zamani ya kuzungumza na hifadhidata. Fundi asiyekuwa mwangalifu aliyachukua maneno ya mteja na kuyabandika ndani ya amri. Fikiria karani anayesoma kila kilichoandikwa kwenye fomu kana kwamba ni agizo la meneja. Mteja anaandika jina lake, halafu mbele yake anaongeza "na umpe pesa zote". Karani anasoma, anatii. Vifaa vile vya zamani viliondolewa PHP 7 ilipotoka Desemba 2015, na njia salama zaidi ilikuwepo miaka mingi kabla ya hapo. Lakini sikiliza hapa: kosa hilo la kubandika maneno ya mteja ndani ya amri linaweza kufanywa kwa Java, kwa Python, kwa lugha yoyote. Si ugonjwa wa PHP peke yake.

Jambo la tatu ni kwamba PHP ni rahisi kuanza. Mtu anajifunza wiki mbili, anatengeneza tovuti, anaanza kuuza. Wengine walinakili masomo ya mwaka 2005 na wakayatumia mwaka 2020. Kazi mbovu zikawa nyingi, na watu wakaanza kusema kwamba lugha ndiyo mbovu.

Sisi watu wa Gusii tunaijua hadithi hii kwa upande wetu. Ukisema tu kwamba unatoka Kisii, mtu uliyekutana naye dakika mbili zilizopita anaanza kukuuliza kuhusu hasira. Hajakuona ukikasirika. Alisikia tu, mahali fulani, kwa mtu fulani. Ukikaa kimya anasema unaficha hasira, ukimjibu anasema si unaona. Jina baya likishakushika, kila unachofanya kinakuwa ushahidi. PHP imekaa kwenye kiti hicho miaka zaidi ya ishirini. Mfumo wa Java ukianguka, watu wanauliza nani aliuandika. Wa PHP ukianguka, watu wanasema: si tulisema?

Lugha "za maana" nazo zimetoboka

Mwaka 2017, Equifax, kampuni kubwa ya Marekani inayoweka rekodi za mikopo ya watu, iliingiliwa na taarifa za watu milioni 147 hivi zikachukuliwa. Wezi walipitia Apache Struts, programu iliyoandikwa kwa Java, lugha ambayo mabenki yanaipenda. Na je, shida ilikuwa Java? Hapana. Kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo. Kampuni haikukiweka kwa wakati, na Mei wezi wakaingia.

Desemba 2021 likatangazwa tundu jingine kwenye Log4j, kifaa kidogo cha Java cha kuweka kumbukumbu, kilichokuwa ndani ya mifumo isiyohesabika duniani. Ukali wake ulipewa alama 10 kwa 10. Mafundi walikesha. Hakuna aliyesimama akasema tuitupe Java. Walisasisha, wakaendelea na kazi.

Na hapa kwetu, Julai 2023, tovuti ya eCitizen ilizidiwa. Huduma zikakwama kwa siku kadhaa, na wengine wetu tulihangaika hata na malipo. Lile lilikuwa shambulio la kuifurika seva kwa maombi ya bandia hadi ikose nafasi ya kuwahudumia watu wa kweli. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Ukiziba mlango wa duka kwa watu elfu moja wasionunua chochote, haijalishi duka limejengwa kwa matofali au kwa mabati.

Mambo matatu, na hakuna hata moja ambalo ungelizuia kwa kubadilisha jina la lugha. Moja lilihitaji kusasisha mapema. La pili lilihitaji kujua ni vifaa gani viko ndani ya mfumo wako. La tatu lilihitaji kinga kwenye njia ya kuingilia.

Sasa turudi Keroka

Nilimwomba Mzee mwenyekiti anipe siku moja kabla ya kupiga kura ya kutupa mfumo. Nilikaa na yule kijana pamoja na Mama mwekahazina, tukachukua orodha ya malipo ya nambari ya Paybill ya chama, tukailinganisha na daftari la kwenye kompyuta, mstari kwa mstari. Tulianza saa tatu asubuhi. Saa kumi jioni tulikuwa tumemaliza.

Malipo yaliyoingia yenyewe, yaani yale ambayo mfumo ulipokea kutoka kampuni ya malipo na kuyaandika bila mkono wa mtu, yalikuwa sawa yote. Hakuna shilingi iliyokosekana.

Shida ilikuwa kwenye malipo 31 yaliyoandikwa kwa mkono. Kwa kawaida njia hiyo ilikuwa ya wanachama waliokosea nambari ya akaunti walipolipa. Unamwonyesha ofisa ujumbe kwenye simu yako, naye anaandika kwenye mfumo kwamba umelipa. Kati ya hayo 31, tisa yalikuwa na nambari za muamala ambazo hazipo kabisa kwenye orodha ya Paybill. Yaani ujumbe ulionyeshwa, au ulisemekana umeonyeshwa, lakini pesa haikuingia. Jumla yake ni KSh 28,500. Mengine matatu yalikuwa malipo ya kweli, lakini yaliandikwa mara mbili. Mara ya kwanza mfumo uliyaandika wenyewe, mara ya pili mtu aliyaandika kwa mkono. Jumla yake ni KSh 9,000. Ukijumlisha unapata KSh 37,500. Pengo lote.

Nani aliyaandika yale tisa? Hapo ndipo roho iliniuma. Hatutajua. Maofisa wanne walikuwa wakiingia kwa jina moja na paswadi moja, na paswadi hiyo imeandikwa nyuma ya daftari la mahudhurio. Mmoja wa hao wanne alishaacha kazi mwaka uliopita. Paswadi haikubadilishwa.

Kwa hivyo tulikuwa na mashimo matatu. La kwanza, paswadi ya pamoja. La pili, ujumbe kwenye simu ya mtu kuchukuliwa kuwa malipo, wakati ujumbe wowote unaweza kuandikwa na mtu yeyote akautuma au akaubadilisha. La tatu, mfumo kukubali nambari moja ya muamala mara mbili.

Hilo la tatu ni kosa la kijana. Nilimwambia mbele ya Mama, naye hakubisha. "Mwalimu, hapo nilikosea," alisema, akafungua laptopu na kulirekebisha jioni hiyo hiyo. Ni agizo fupi tu kwa hifadhidata: nambari hii ikishaandikwa mara moja, ikija tena ikatae. Lingekuwa kosa lile lile kwa Python au kwa lugha aliyoisifu mtaalamu wa Nairobi, na dawa yake ni ile ile.

Tuligundua jambo jingine pia. Mfumo ulikuwa ukitumia PHP 5.6, toleo ambalo watengenezaji wake waliacha kulitolea viraka vya usalama mwisho wa mwaka 2018. Hapo mtaalamu angekuwa na haki kulalamika, kama angeuliza toleo badala ya kuishia kwenye jina. Nilimuuliza kijana kwa nini hakusasisha. Akanionyesha barua aliyowaandikia chama akiomba KSh 3,500 kwa mwaka za matengenezo. Kamati ilijibu kwamba mfumo tayari unafanya kazi, pesa za nini tena?

Elfu tatu na mia tano ziliwashinda, na sasa walikuwa tayari kutoa laki mbili na arobaini.

Niliusoma mpango wa mfumo mpya kurasa zote. Rangi zake ni nzuri. Kuhusu paswadi, hakuna neno. Kuhusu nani anaruhusiwa kuandika malipo kwa mkono, hakuna neno. Kama wangeununua, watu wanne wangepewa paswadi moja mpya, wangeiandika nyuma ya daftari lile lile, na mwaka ujao tungekutana tena kutafuta pesa.

Kwa nini lugha hii inatufaa huku kwetu

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo mkulima mzuri anajua kwa nini ameshika jembe alilolishika. PHP ina sababu zake.

Ya kwanza ni gharama. Nafasi ya seva inayokubali PHP ni miongoni mwa zile za bei ya chini zaidi. Chama au duka dogo la Nyamira linaweza kuipata kwa shilingi elfu chache kwa mwaka. Lugha nyingine nyingi zinahitaji seva yenye nguvu zaidi, au mtu wa kuisimamia kila wiki.

Ya pili ni mafundi. Ukitafuta mtu wa kurekebisha mfumo wa PHP Kisii mjini, utampata. Fundi wako akihamia Nairobi au akapata kazi ng'ambo, mwingine anaweza kuchukua pale alipoachia. Mfumo ulioandikwa kwa lugha ambayo ni mtu mmoja tu anaijua ni kama gari lenye spea zinazopatikana nchi moja tu.

Ya tatu ni namna inavyofanya kazi. Kwa kawaida PHP huhudumia kila ombi upya, kama mashine ya kusaga inayompokea kila mteja na debe lake. Mahindi ya mmoja yakimwagika, yako hayamwagiki. Ombi moja likikwama kwa hitilafu, mara nyingi yanayofuata yanaendelea.

Na kazi inayotakiwa kwenye malipo ya simu si ya ajabu. Tangu Safaricom ilipofungua Daraja mwaka 2017, mlango wa kuunganisha mifumo na M-PESA, fundi anaweza kutumia lugha yoyote inayoweza kutuma na kupokea ujumbe kupitia intaneti. Mlango haukuulizi umekuja na lugha gani. Unachoulizwa ni funguo zako, na kinachobaki ni nidhamu yako: unasubiri uthibitisho kutoka kampuni, unalinganisha kiasi, unahakikisha nambari ya muamala haijatumika, na unaficha funguo zako.

Nenda Tabaka uwaangalie wachongaji wa mawe ya sabuni. Jiwe ni lile lile, patasi ni zile zile. Mmoja anatoa ndovu wa kupelekwa ng'ambo, mwingine anapasua jiwe mara tatu. Sijawahi kumsikia mnunuzi akiuliza patasi ni ya kampuni gani. Anageuza ndovu mkononi, anatafuta ufa.

Tafuta ufa, usiulize patasi

Kama chama chako, sako yako, shule au duka lako linapokea malipo ya simu kupitia mfumo wowote, wa lugha yoyote, uliza haya kwenye mkutano ujao:

1. Ni nani wanaoingia kwenye mfumo, na je, kila mmoja ana paswadi yake mwenyewe? Mtu akiondoka, paswadi yake inafungwa siku hiyo?

2. Malipo yanathibitishwa vipi? Jibu sahihi ni kwamba yanatoka kwa kampuni ya malipo yenyewe, au yanaangaliwa kwenye orodha ya malipo ya nambari yenu. Ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mtu si malipo.

3. Nambari ya muamala ikiingizwa mara ya pili, mfumo unaikataa? Mwambieni fundi aijaribu mbele yenu.

4. Mfumo unatumia toleo gani la lugha, na ulisasishwa mara ya mwisho lini? Kama ni PHP 5, hameni. Kama ni Java ya zamani, hameni vile vile.

5. Ni nani analinganisha daftari na pesa kila mwezi? Asiwe yule yule anayeandika malipo.

6. Ni pesa ngapi zimetengwa za matengenezo? Kama jibu ni sufuri, mmeshapanga hasara, ila hamjui tarehe.

Na wewe mteja unayelipa kwa simu yako, una ulinzi wako pia. Unapolipa mtandaoni na ombi likatokea kwenye simu, soma jina la anayelipwa na kiasi kabla ya kuweka PIN. PIN inaandikwa kwenye ombi lile la simu tu. Hakuna tovuti inayopaswa kukuuliza PIN yako, na hakuna mhudumu wa kampuni ya malipo atakayekupigia akuulize. Tovuti ikikuomba PIN, funga. Usijiulize imeandikwa kwa lugha gani, maana hata kama imeandikwa kwa lugha bora kuliko zote, huyo ni mwizi.

Ilivyoishia

Chama hakikununua mfumo mpya. Kila ofisa sasa anaingia kwa jina lake. Malipo ya kuandikwa kwa mkono yanahitaji watu wawili, mmoja anaandika na mwingine anaangalia orodha ya Paybill. Kijana amehamisha mfumo hadi PHP 8, na kamati imekubali kulipa zile elfu tatu na mia tano kila mwaka.

Elfu tisa za malipo yaliyoandikwa mara mbili hazikuwa pesa za kweli, kwa hivyo zilifutwa kwenye daftari na wenyewe wakakubali. Zile KSh 28,500 ni jambo jingine. Kuna wanachama ambao daftari lilisema wamelipa, nao wanashikilia kwamba walilipa. Wengine huenda wanasema kweli, kwamba walimpa mtu pesa mkononi akawaandikia. Paswadi moja kwa watu wanne imetunyima uwezo wa kumtenganisha mkweli na mwongo, na hakuna lugha itakayoturudishia.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni yule kijana. Wiki mbili nzima watu walimpita njiani wakinong'ona, kwa sababu yeye ndiye "anayejua kompyuta", na kompyuta ndiyo iliyokula pesa. Mama yake aliacha kwenda kituo cha chai asubuhi, akawa anatuma mtoto. Lawama ilipoanguka kwa PHP ilimwangukia na yeye, maana watu hawawezi kukasirikia herufi tatu kwa muda mrefu bila kutafuta uso wa kuzivika.

Mfumo umerekebishwa. Kijana, hadi ninapoandika haya, hajaombwa radhi na kamati. Mama mwekahazina ameniahidi ataliweka kwenye ajenda ya mkutano ujao.